Ulimi Si Mali ya Kampuni

Golaghat, 6 Machi 2023

Kwa Bwana Dwijen Khound,
Mkuu wa Waonjaji, Kampuni ya Chai ya Luitpar, Guwahati

"Ulimi wako umefundishwa kwa gharama za kampuni, kwa hiyo ni mali ya kampuni, na huruhusiwi kuutumia kwa faida ya mwingine kabla ya miaka mitatu kupita." Maneno hayo ni yako, Bwana Khound. Umeyaandika kwenye karatasi yenye nembo ya dhahabu, ukatia sahihi yenye mkia mrefu. Nilipoyasoma mara ya kwanza nilicheka. Mara ya pili sikucheka.

Kama ulimi wangu ni mali yenu, mbona hamkuudai siku ya kuniaga? Mlinivika gamosa, kile kitambaa cha heshima, shingoni, mkakata keki. Mngeleta na kisu kingine tukamaliza kazi palepale.

Kampuni ilinikuta na ulimi wangu. Bibi yangu kule Dergaon alikuwa akinifunga macho kwa kitambaa, ananipa mchuzi kwenye kijiko, nimwambie samaki huyu ni wa mto au wa bwawa. Nikikosea, siku hiyo nakula wali mtupu. Hakuna mkufunzi wenu aliyewahi kunifundisha kwa ukali huo. Luitpar ilinipa kijiko, ndoo ya kutemea na mshahara. Kijiko nimekirudisha, ndoo mnayo, na mshahara niliufanyia kazi.

Nasikia unawauliza watu wa ofisini, "Rupa amepatwa na nini?" Ngoja nikujibu, usiwasumbue. Mwezi wa kumi na moja tuliletewa chai ya wakulima wadogo wa huku Golaghat. Nilivuta funda, nikatema, nikasema: ina uhai, ina asali mwishoni, iuzwe peke yake. Wageni wa Kolkata walikuwa wamesimama nyuma yetu. Ukavuta baada yangu, ukatema, ukasema: "Chapwa. Ya kuchanganyia." Kisha ukanigeukia: "Andika, Rupa." Nikaandika kwa mkono huu ninaokuandikia nao sasa. Mnadani chai ile ikaenda kwa bei ya vumbi, na aliyeinunua ni nani? Sisi. Leo imo kwenye makopo yenu ya dhahabu, na waliochuma wanajiuliza walikosea wapi. Kwetu jambo hilo tunaliita wizi. Sijui kwenye karatasi yenye nembo linaitwaje.

Basi nimepanga chumba juu ya fundi baiskeli. Mlangoni nimeandika: Rupanjali Gohain, Mshauri wa Chai. Wakulima wale wana kiwanda chao kidogo. Nitawaonyesha jinsi ya kuchuma, kunyausha na kukausha, na kila kifurushi kitakwenda kwa wanunuzi kikiwa na sahihi yangu. Nataka chai uliyoiita chapwa ipande mnadani juu ya yenu, na siku hiyo nataka uwe umekaa kiti cha mbele.

Ukitaka kunipeleka mahakamani, nipeleke. Hakimu akiomba aione mali inayogombaniwa, nitamtolea nje aitazame.

Rupanjali Gohain


Guwahati, 11 Machi 2023

Rupa mdogo wangu,

Barua yako niliisoma nikiwa na kikombe mkononi, nikacheka karibu kukimwaga. Wewe na hasira zako! Mke wangu Minoti, Mungu amrehemu, alikuwa akisema, "Huyo binti ukimkanyaga kivuli atakudai fidia."

Sasa nikuambie kama kaka. Kazi ya ushauri ni ya mtu mwenye jina. Jina ulilokuwa nalo lilikuwa la Luitpar. Juu ya duka la baiskeli utamshauri nani, wenye pancha?

Tena una moyo wa kusahau. Nani alikuweka mbele? Miaka miwili hii, kila asubuhi, mbele ya wageni, mimi mkuu wako nimekuwa nikisema, "Tangulia, Rupa," nikasimama nyuma yako kama karani. Nitajie mkuu mwingine, Guwahati nzima, anayempisha mwanamke kwenye meza ya vikombe. Leo neno langu moja limepishana na lako, basi mimi ni mwizi?

Kiti chako nimekiacha wazi. Rudi kabla ya sikukuu ya Bihu, tutasema ulikwenda kumuuguza mama. Ukikataa, usije ukanilaumu kwa yatakayosemwa. Soko letu ni dogo, na midomo ni mingi.

Kaka yako,
Dwijen Khound


Guwahati, 24 Machi 2023

Dada Rupa,

Barua hii naiweka ndani ya kifurushi cha sampuli, maana simu za ofisi siziamini tena. Kaa chini kabla ya kusoma.

Kaka Dwijen amewaandikia wanunuzi wote, wa Kolkata na wa Siliguri, kwamba lile wimbi la pili la korona lilikuondolea uwezo wa kunusa. Ameandika kwa huruma, na hapo ndipo ubaya ulipo: "Maskini dada yetu, tulimsitiri kwa kuwa tunamheshimu." Wameamini. Mmoja alinipigia akasema, "Kifurushi chenye sahihi ya Rupanjali sitakifungua, nisipoteze maji ya moto." Mimi najua ni uongo. Ulikuwa ukifika tu mlangoni unaniuliza, "Jahan, leo umemwagikiwa na duka zima la marashi?"

Kwangu mambo ni mazuri, hata naona haya kukuambia. Amenipa nafasi yako mezani. Kila asubuhi, "Tangulia, Jahanara." Mama yangu amewaambia majirani wote.

Jana lakini nilijiaibisha. Nilikuwa natazama kikombe cha pembeni, nikasema "moshi" kwa kikombe ambacho sicho. Kabla sijajisahihisha, Kaka Dwijen alishavuta, akatema, akasema, "Moshi, naam, tena mzito." Nikamwambia, "Samahani, Kaka, hiki ni kisafi. Chenye moshi ni kile." Akasema, "Ndicho ninachosema." Hakunikaripia hata kidogo. Kwa upande huo ni mtu mwema, lazima tukiri.

Wako,
Jahanara Hazarika


Golaghat, 27 Machi 2023

Jahan, mdogo wangu,

Soma tena ulichoniandikia. Usome kuhusu kikombe kile cha moshi. Mimi nimekisoma, nikakaa sakafuni.

Hana pua, Jahan. Huyo mtu hanusi chochote.

Unakumbuka siku birika lilipooshwa kwa sabuni, na sabuni ikabaki ndani? Sote tulitema, yeye akamaliza kikombe na kuomba kingine. Tukasema, tazama ustaarabu wa wakubwa! Unakumbuka alivyokuwa akiegemea mbele nikifungua mdomo kusema? Nilidhani ni adabu. Miaka miwili nilidhani ananitukuza. Nilimsifu kwa mama yangu kama mama yako anavyomsifu sasa kwa majirani. Kumbe nilikuwa fimbo ya kipofu, na asubuhi hizi fimbo ni wewe.

Hilo ningeweza kulimeza. Lakini amechukua ugonjwa wake mwenyewe akanivika mimi, akanitembeza nao sokoni.

Jana Babu Bhadreswar Saikia, mwenyekiti wa wakulima wangu, alipanda ngazi na vifurushi vyetu vilivyorudi bila kufunguliwa. Akaviweka mezani, hakukaa.

"Binti, wanasema pua yako imekufa."

"Babu, mchana umekula bata na boga, na mkeo ameunguza vitunguu."

Akajinusa mkono. "Ameunguza kweli! Usimwambie kama nimekubali." Tukacheka. Kisha akakaa, akasema taratibu, "Mimi nakuamini. Lakini watu wa Kolkata hawajui bata wa mke wangu."

Ndipo tulipo. Chai ya kwanza ya mwaka ikikosa mnunuzi, familia arobaini zitarudi kuwauzia Luitpar majani mabichi kwa bei ya Luitpar, na mimi nitakuwa yule mwanamke aliyewadanganya. Sitapata mkulima mwingine wa kumshauri, si hapa wala bonde zima hili.

Usimwambie mtu. Sitamshtaki wala sitamtukana. Nitampa heshima, Jahan. Heshima zote za Bihu, mpaka ya mwisho.

Rupa


Golaghat, 3 Aprili 2023

Kwa Mheshimiwa Dwijen Khound,

Sisi wakulima wadogo wa chai wa Golaghat tunakualika uwe mgeni wetu mkubwa sikukuu ya Bihu. Tutakuwa na vikombe vya chai yetu visivyo na majina, na tunaomba utuambie ukweli wake mbele ya watu. Wanunuzi wawili wa Kolkata wamekubali kuja. Mshauri wetu Rupanjali naye ataonja, ila baada yako, kwa kuwa wewe ni mwalimu wake na sisi tunajua adabu.

Watu wanasema hutakuja. Sisi tumewaambia Bwana Khound si mtu wa kukimbia kikombe.

Bhadreswar Saikia, Mwenyekiti


Guwahati, 5 Aprili 2023

Mzee wangu Saikia,

Mwaliko wako umenigusa. Nitakuja, na msaidizi wangu Bi Jahanara atafuatana nami ili atangulie mezani, kama ilivyo desturi ya ofisi yetu. Mwambie Rupa nimefurahi kuona amekomaa. Baada ya shughuli nitamtaka arudi nami Guwahati, maana nyumbani hakufukuzwa.

D. Khound


Guwahati, 19 Aprili 2023

Rupa,

Mlinipokea vizuri mno. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka.

Gamosa zilinijaa shingoni mpaka kidevu. Mkanivika ile kofia pana ya japi, mkaniletea tambuu na popoo kwenye sahani ya shaba ya kupokelea wafalme. Jahanara aliposogea kusimama mbele yangu, kina mama wakamshika mkono. "Njoo ule kwanza, binti. Mgeni mkubwa ndiye anayetangulia." Mzee Saikia akaniinamia: "Hakuna atakayegusa kikombe kabla yako, Bwana." Ningefanya nini? Nikatae heshima ya Bihu mbele ya wazee?

Vikombe vinne vya kwanza nilivisemea yale maneno yetu ya kawaida, ambayo hayamuudhi mtu. Cha tano kilikuwa na rangi nzuri, nikaona hapa nijitokeze. Nikasema, "Hii sasa ndiyo chai. Ina maua ya mchungwa."

Mama mmoja akajifunika pua kwa ncha ya mtandio wake wa chador. Mwingine akapaza sauti, "Maua ya mchungwa? Majani hayo yamelala wiki nzima na mitungi yangu ya khorisa!" Ndipo wakacheka, mpaka waliokuwa nje uani. Machipukizi ya mwanzi yaliyochacha, Rupa. Yananuka mpaka barabarani, na mimi nilikuwa nayo mdomoni nikitabasamu.

Wewe hukucheka. Ulikuja nyuma yangu, ukakisogeza kile kikombe pembeni kwa kidole kimoja, ukaendelea na vingine. Ingekuwa afadhali ungecheka.

Sasa nikuambie nisichomwambia mtu. Korona ya pili ilituingia nyumbani wote wawili. Minoti akafa, mimi nikabaki. Niliporudi kutoka hospitali nilifungua kabati lake, nikachukua chador yake, nikaiweka usoni. Hakuna kitu. Nikaisukuma puani kama mwendawazimu. Hakuna kitu. Nilisubiri harufu irudi. Nikasubiri nikiwa kazini, nyuma yako. Mkuu wa waonjaji asiye na pua ni nini? Ni mzee aliyeshika kijiko.

Na ile siku ya mwezi wa kumi na moja, unasema niliiba. Sikuiba. Mgeni mmoja alimnong'oneza mwenzake, nami nikasikia: "Huyu mzee humfuata yule mwanamke kama kivuli." Nilitaka siku moja tu nisikufuate. Nikaonja, nikasema nilichokipata. Chapwa. Rupa, kwangu mimi kila kitu ni chapwa. Huu ni mwaka wa pili.

Wale wanunuzi wawili watanyamaza wakisikia kutoka kwako kwamba ulikuwa mzaha wa sikukuu. Sema ulikuwa mzaha. Nami nitazifuta barua nilizoandika, kimyakimya, moja moja. Nimebakiza mwaka huu tu nistaafu.

Dwijen


Guwahati, 21 Aprili 2023

Dada Rupa,

Alilia kwenye gari kutoka Golaghat mpaka Nagaon, bado amevaa gamosa zenu. Dereva akazima redio. Mimi nilitazama nje.

Uliniambia utampa heshima. Hukuniambia habari za khorisa. Wakati wanamcheka mimi nilikuwa jikoni na mkate wa mchele wa pitha mdomoni, nikidhani kina mama wananipenda. Unalalamika kwamba alikufanya fimbo. Na mimi ulinifanya nini siku ile?

Wanunuzi wale wawili wameshafungua vifurushi vyako, wanasema asali ipo. Umeshinda. Sema ulikuwa mzaha, mwache mzee aende nyumbani na jina lake.

Jahanara


Golaghat, 25 Aprili 2023

Kwa waonjaji wote wa Luitpar, na nakala kwa Bwana Dwijen Khound.
Jahanara, ibandike ukutani juu ya ndoo ya kutemea, pale ambapo kila mtu huinama.

Nimeombwa niseme kwamba ulikuwa mzaha. Haukuwa mzaha. Niliyapanga majani yale mwenyewe katikati ya mitungi, nikafunga mlango, nikahesabu usingizi wangu wa wiki ile kuwa mtamu kuliko wote wa mwaka huu.

Kwanza deni langu. Jahan, una haki ya kulalamika. Nilikutumia bila kukuuliza, kama nilivyotumiwa mimi. Nakuomba radhi hapa, mbele ya wenzako, kwa maandishi, kwa sababu nililokutendea nililitenda mbele ya watu. Tazama lilivyo rahisi. Sikuhitaji kimyakimya.

Sasa wewe, Bwana Khound. Nilisoma habari za chador ya Minoti nikalia. Minoti alikuwa akiniletea pitha kila Bihu, na harufu ya ufuta wake ninayo mpaka leo. Nililia, nikanawa uso, nikachukua kalamu.

Ungeniambia! Ungenifungia mlango ukaniambia, "Rupa, sinusi." Ningekuonjea mpaka siku yako ya kustaafu, na nisingemwambia hata mama. Hukutaka. Ulitaka pua yangu bila mimi. Na nilipoondoka nayo, ukawaambia watu nimeipoteza.

Unasema kwako kila kitu ni chapwa. Nakuamini, na nafuta neno wizi, kwa kuwa hukuiba. Lakini ungeweza kusema, "Leo siwezi." Wageni wangekunywa maji, wangeondoka. Wewe ulichagua familia arobaini ziwe chapwa ili wewe usionekane umekaa nyuma ya mwanamke. Msiba ulikuondolea harufu, haukukutuma kuandika barua. Barua uliziandika ukiwa mzima, umekaa, ukichagua maneno ya huruma.

Kwa hiyo hakuna kimyakimya. Uliniua kwa barua, utanifufua kwa barua. Kabla ya mnada wa kwanza wa Mei, utamwandikia kila mnunuzi uliyemwandikia, kwa mkono wako na kwa sahihi ile ile yenye mkia, umwambie ni pua ya nani iliyokufa. Usipoandika, nitaandika mimi, na mimi sina huruma ya kupamba.

Na nyinyi mlioinama hapo kwenye ndoo mnasoma, Jahanara, Pulin, Mridul, Bi Aroti, nina neno na nyinyi kuliko na yeye. Yeye anaondoka. Kiti chake hakiondoki. Atakuja mwingine mwenye tai na kijiko cha fedha, asubuhi moja, wageni wakiwa nyuma, atakunyosheeni mkono kwa upole na kusema, "Tangulia." Msiwaambie mama zenu. Msijione mmepewa kitu. Wekeni vijiko chini nyote wanne, rudini nyuma hatua moja, unganisheni viganja kwa heshima kama mlivyolelewa, na mwambieni:

"Tangulia wewe, Bwana. Sisi tunakusikiliza."

Rupanjali Gohain
Mshauri wa Chai, Golaghat